Mabati Yasiyomo Kapuni

Ilikuwako, na huenda mpaka leo iko, nchi moja isiyo na jina. Si kwamba haikuwahi kupewa. Jina la zamani lilifutwa kwenye Kapu la Taifa, na jina jipya lilikuwa tayari limechaguliwa, limepitishwa na kupigiwa makofi, ila lilikuwa halijazinduliwa. Kwa hiyo wananchi waliitaja nchi yao kwa kuinua kidevu na kusema "hapa kwetu", na aliyesikia akaelewa.

Kapu la Taifa lilikuwa programu ya simu. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na shirika moja lililouza kila kitu, kuanzia sindano mpaka saruji, na wauzaji wake walitapakaa kila pembe. Zamani muuzaji alibeba sampuli mkobani na maneno mdomoni. Kisha wakubwa wakasafiri, wakaona wenzao wanauza kwa simu, wakarudi na Kapu. Ndani yake mlikuwa na picha ya kila bidhaa, maelezo yake, na mbele yake neno moja la kijani: "Ipo." Muuzaji alimwonesha mteja picha, mteja akachagua, muuzaji akabonyeza, mzigo ukatoka ghalani. Lilikuwa jambo jema. Hata aliyelibuni hakuwa na nia mbaya.

Ubaya ulianza ilipotungwa sheria. Bunge lilipitisha kwamba kilichomo kwenye Kapu kipo na kisichomo hakipo, na kwamba atakayeuza kisichokuwepo atashtakiwa kwa utapeli. Spika aliuliza kama kuna mwenye kupinga. Kulikuwa na mbunge mmoja, alisimama kabisa na mkono ameunyoosha, lakini picha yake ilikuwa haijaingizwa kwenye Kapu, kwa hiyo hakuwepo.

Sufiani Chambuso alikuwa ofisa mauzo wa shirika hilo, kitengo cha mabati, katika mji wa Kitopeni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mpana wa kifua, mwenye ulimi usiojua kuzunguka. Kila asubuhi yeye na wauzaji wenzake walikutana nyuma ya machinjio, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Walisimama katikati ya mbwa, simu juu, wakisubiri Kapu lifunguke.

Na Kapu halikufunguka kabla ya hotuba ya Waziri wa Maudhui. Hotuba ilikuwa ndefu na hairukwi. Ukigeuza uso kutema mate, jicho la simu lilikuona, hotuba ikaanza upya. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya Kapu iliyosasishwa kwa wakati. Waziri akiondolewa asubuhi, kabla ya adhuhuri sura ya mwingine imeshaingia, na maneno ni yaleyale ila tai ni ya rangi nyingine. Mbwa wa machinjio walikuwa wameizoea kiasi kwamba ikifika "mwisho lakini si kwa umuhimu" walisimama na kujinyoosha, wakijua sasa wanaume hawa wataondoka na wachinjaji wataingia.

Baada ya hotuba ndipo ulipofika kwenye mabati. Bati lilikuwa moja tu, Bati Jogoo, lenye picha ya jogoo anayewika juu ya paa. Mbele yake: "Lipo kwa wingi." Kiwanda cha Bati Jogoo kilikuwa kimekufa zamani, na ndani yake sasa kulifugwa kuku wa kweli. Lakini muuzaji alimwonesha mteja picha, akabonyeza, na muda si mrefu simu ya mteja ikalia: "Hongera kwa kuezeka na Jogoo." Shule ya msingi ya Kitopeni ilipokea hongera hiyo mara mbili. Watoto walisoma wakiona mawingu, na aliyeuliza mbona jua linaingia darasani alichapwa kwa kubishana na takwimu.

*

Chambuso alilalamika kama wenzake wote walivyolalamika, yaani mpaka mlangoni pa ofisi, halafu akameza. Angeendelea kumeza mpaka astaafu kama upepo haungemwingilia nyumbani.

Ulikuwa upepo wa kabla ya masika. Ulipita Kitopeni mchana mmoja, ukang'oa paa la Bi Mwantumu, ukalikunja kama kitambaa cha mkono, ukalitupa kwenye shamba la mihogo la mtu mwingine. Bi Mwantumu alikuwa mama mkwe wa Chambuso. Alikuwa mjane anayejitegemea, mwenye kifua kinachobana kikiguswa na unyevu, na hakuwa na binti mwingine zaidi ya Zamda, mke wa Chambuso. Akafunga mkeka wake, akamweka kuku wake kwapani, akaja kukaa kwa binti yake mpaka nyumba iezekwe.

Wenye mila hiyo hawahitaji kuelezwa. Kwa wasio nayo: mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawakai sebule moja, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na neno la mmoja kwa mwingine hupitia kwa mtu wa tatu. Mkikutana njiani unaacha njia. Chambuso angeacha njia gani ndani ya nyumba ya vyumba viwili?

Tangu siku ile akawa anaingia kwake kwa mlango wa uani. Alikohoa kabla ya kukata kona. Alikula jikoni, kwenye kibao cha mbuzi, magoti yamegusa masikio. Joto la kabla ya mvua lilimchemsha ndani ya shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, maana mkwe haoni fulana ya mkwewe. Redio yake ilikuwa sebuleni na mama mkwe alikuwa sebuleni, kwa hiyo taarifa ya habari aliisikiliza akiwa chooni, kupitia dirisha dogo.

Na Bi Mwantumu naye, kwa heshima zake, alizungumza na ukuta.

"Mama Semeni," alimwambia Zamda, hali akijua baba Semeni yuko nyuma ya pazia na sahani mkononi, "muulize mumeo, hivi kazi yake ni nini?"

Zamda akageukia pazia. "Mama anauliza kazi yako ni nini."

"Mwambie mama ninauza mabati."

"Anauza mabati, mama."

"Ahaa," alisema Bi Mwantumu. "Nilidhani nimesahau."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa na haya zaidi kuliko Chambuso mwenyewe. Alijizuia kwenda uani akisikia kikohozi cha mkwewe, na wakati mwingine kikohozi kile kilikuwa cha kawaida tu, cha vumbi, na mama wa watu akabaki ameketi na haja zake. Siku moja alimwambia binti yake kwamba hana raha kumwona mwanamume anaingia nyumbani kwake kama mwizi wa kuku. Akaapa: Ijumaa ya kwanza ya masika itamkuta kwake, paa liwepo, lisiwepo.

Zamda alilia. Alimjua mama yake, na alikijua kile kifua. Mvua ya masika ingekimaliza kwa wiki moja. Akamfuata mumewe jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kumwomba kitu cha shirika, hata msumari, ila sasa anamwomba bati.

*

Ghala la shirika lilikuwa upande mmoja wa uwanja wa mpira, na nyumba ya Bi Mwantumu ilikuwa ng'ambo ya uwanja huohuo. Mlinzi wa ghala aliitwa Kalolo, mtu mtaratibu aliyetafuna mahindi ya kuchemsha kutwa nzima. Chambuso alimkuta ameketi juu ya mabati.

Mabati yenyewe yalikuwa mapya, mazito, ya rangi ya samawati, yamepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Yaliitwa Bati Tausi. Yaliletwa na malori kutoka kiwanda kipya, Kalolo akayapokea, akayapanga, na tangu hapo hayajaguswa isipokuwa na makalio yake. Kwa sababu Tausi hakuwemo kwenye Kapu.

Chambuso alimweleza habari ya mkwe. Kalolo alisikiliza mpaka mwisho, na machozi yalimlengalenga, maana naye alikuwa na mkwe.

"Nakuonea huruma, Chambuso. Lakini unaniomba kitu gani?"

"Mabati."

"Yapi?"

"Hayo uliyoyakalia."

Kalolo aliinuka kidogo, akatazama chini, akaketi tena. "Hapa nimekaa tu," alisema. "Mimi nina watoto, bwana. Nikikupa kisichokuwepo, nitaandika nimetoa nini?"

Chambuso akatoa wazo. Aagize Jogoo, ambaye yupo, halafu Kalolo amtolee Tausi, ambaye hayupo. Kalolo alilifikiria muda mrefu kwa haki kabisa, akatikisa kichwa. Mwenzake wa ghala la kaskazini alijaribu hivyo kwenye sabuni, na sasa yuko ndani. Wala gereza lake halimo kwenye Kapu, mkewe amelitafuta mpaka amechoka.

Chambuso akapanda basi kwenda makao makuu.

*

Kurugenzi ya Kusasisha Maudhui ilikuwa na jengo la vioo. Alipita mlango mmoja, akaelekezwa wa pili, wa pili wakamrudisha wa kwanza, nao wa kwanza wakamlaumu kwa kuondoka. Kote alikopita watu walikuwa kazini kweli. Wengine walijadili jogoo awike akitazama kulia au kushoto. Wengine walikuwa kwenye semina ya namna ya kuendesha semina. Wauzaji, aliambiwa, ndio wadau wakuu wa Kapu, na maoni yao huthaminiwa sana. Sanduku la maoni lilikuwa pale ukutani, zuri, la mninga, juu mno kufikiwa na mkono.

Mwisho akafika kwa mkurugenzi mwenyewe, Dokta Lutengano, mtu laini, mwenye suti isiyojua kukunjika. Dokta alifurahi kumwona mtu wa shambani, maana hivyo ndivyo walivyowaita wauzaji hata wasiokuwa na shamba. Akamwagizia chai. Chambuso akasema shida yake bila kuizungusha: mabati yapo, mkwe hana paa, mvua inakuja, ingizeni Tausi kwenye Kapu.

"Lakini ameshaingia," alisema Dokta Lutengano.

"Hayumo, mheshimiwa. Nimetazama asubuhi."

"Namaanisha upande wetu. Picha ipo, maelezo yapo, kila kitu kipo. Njoo."

Akamchukua mpaka chumba cha ndani. Katikati ya chumba kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Juu ya meza, kitufe chekundu, cha ukubwa wa kisahani cha chai, kimefungwa utepe wa rangi za taifa, na pembeni yake mkasi wa dhahabu umelazwa juu ya mto mdogo. Askari mwenye bunduki alisimama karibu.

"Kikibonyezwa hicho," Dokta alinong'ona kama yuko msibani, "nchi nzima inasasishwa. Mara moja."

Chambuso alikitazama. Mkono ulikuwa wake, kitufe kilikuwa hapo, hatua hazikutosha hata kuhesabika. Alihisi jasho linamtambaa mgongoni kama siku zote alipokuwa nyumbani kwake.

"Sasa kibonyezeni."

Askari alikohoa. Dokta Lutengano akamtazama Chambuso kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia msikitini na viatu.

"Bila mgeni rasmi?"

Akaeleza, na alieleza vizuri, maana alisomea. Kitu kisichozinduliwa hakiwezi kuanza. Kitu kilichoanza bila kuzinduliwa ni sawa na mtoto wa nje ya ndoa, kipo lakini huwezi kukitambulisha. Mgeni rasmi wa Tausi alikuwa awe waziri wa zamani, akaondolewa siku moja kabla. Aliyefuata alitaka azindue pamoja na madaraja. Aliyemfuata huyo alizindua kamati ya uzinduzi, akaishia hapo. Huyu wa sasa ameonesha nia.

"Mheshimiwa," alisema Chambuso, "kwa hiyo mabati yapo au hayapo?"

"Yako kwenye mchakato wa kuwepo."

"Mama mkwe wangu ana pumu. Akilowa anakufa. Na yeye atakuwa kwenye mchakato?"

Dokta alishtuka. Hakuwa mtu mwovu. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. Akasema kwa kuwa ghala liko Kitopeni, na kwa kuwa kuna kisa cha kugusa moyo hukohuko Kitopeni, uzinduzi na ufanyike Kitopeni. Atalisukuma mwenyewe. Alipoulizwa lini, akatazama ratiba ya waziri na kusema Ijumaa ya kwanza ya masika.

Chambuso alirudi na basi lilelile akiimba kimoyomoyo. Alifungua kifungo cha juu cha shati, akakifunga tena alipofika uani.

*

Kamati ya Maandalizi ilifika mapema, na magari yake yakajaza uwanja wa mpira. Jambo la kwanza lilikuwa jukwaa. Jambo la pili, kwa kuwa masika yamekaribia na mgeni rasmi halowi, lilikuwa paa la jukwaa. Wakaulizana mabati yatatoka wapi. Mmoja akafungua Kapu, akaagiza Jogoo, akapokea hongera. Wakakaa wakitazamana chini ya anga tupu.

Ndipo Dokta Lutengano alipoliona ghala.

Kalolo aliweka hindi chini na kusimama mlangoni. Alisema hawezi kutoa Tausi kwa sababu Tausi hayupo. Chambuso alikuwa pembeni yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiunga mkono ile sheria kwa moyo wote.

"Uko sahihi kabisa," Dokta alimwambia Kalolo. "Hayapo. Na kwa kuwa hayapo, tukiyachukua, nani atasema yamechukuliwa? Umepungukiwa na nini? Hebu andika."

Kalolo aliangalia juu kutafuta jibu, na wakati anatafuta, vijana wa kamati walikuwa wameshaanza kubeba.

Chambuso akapandwa na damu. Akasema kama ni hivyo, naye achukue ya mkwe wake, nyumba ndogo tu, kibanda cha vyumba viwili na varanda. Dokta akamwekea mkono begani. Akamwambia yeye ni ofisa mauzo, bati likipita mkononi mwake ni mauzo, na kuuza kisichokuwepo ni utapeli. Kamati haiuzi. Kamati inazingatia itifaki.

"Vumilia, ndugu. Ijumaa yatakuwepo, utachukua yote unayotaka."

Jukwaa likaezekwa, likapendeza. Kisha mtu akakumbuka kwamba mgeni rasmi anaweza kupata haja, wakaezeka choo. Choo kilikuwa mbali, wakaezeka njia ya kwenda chooni. Wakaezeka mahali pa magari ya msafara, na mahali pa wapishi, na mahali pa bendi ya polisi, na mahali pa kusubiria wale wanaosubiri kuitwa kusubiri. Yaliyobaki wakazungushia ukuta ili wananchi wasione maandalizi kabla hayajazinduliwa. Chambuso alisimama kwenye mlango wa nyumba ya mkwewe isiyo na paa na kutazama Tausi akivuka uwanja mgongoni mwa watu, bati baada ya bati, kwenda kila mahali isipokuwa pale.

*

Ijumaa ikafika na mawingu yake.

Asubuhi Bi Mwantumu alifunga mkeka. Zamda alimshika kanga, akamwambia leo ndiyo leo, wavute subira mpaka jioni, mume wake atakuja na mabati. Bi Mwantumu alisema kiapo ni kiapo. Kisha, kwa mara ya kwanza, alilielekea pazia moja kwa moja, ingawa macho aliyaweka sakafuni.

"Mama Semeni, mwambie mumeo nimeona alivyohangaika. Mwambie simlaumu. Aketi kwake sasa."

Chambuso alikuwa nyuma ya pazia na shati lake la sherehe. Akatoka kwa mlango wa uani akaenda uwanjani.

Uwanja ulifurika. Mshereheshaji alimtambulisha kila aliyeketi meza kuu, halafu kila aliyeketi akasimama kuwatambulisha aliofuatana nao. Waziri alipopanda alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, kwa majina, mpaka kwa mlinzi wa ghala. Alisema nchi yao haina tena watu wasio na paa, ila wapo waliochelewa kusasishwa. Alimsifu mama mmoja wa Kitopeni, ambaye jina limemtoka, kwa uvumilivu wake wa kizalendo. Watu wakapiga makofi. Chambuso hakupiga. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga.

Waziri akachukua mkasi wa dhahabu, akakata utepe, akaweka kiganja juu ya kitufe chekundu kilicholetwa kutoka makao makuu, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Dokta Lutengano alibadilika rangi. Fundi akapanda mbiombio, akanong'ona, na minong'ono ikashuka mpaka kwa wananchi: uwanjani hakuna mtandao. Kitopeni nzima hakuna, ila nyuma ya machinjio.

Ukaundwa msafara. Mbele bendi, kisha kitufe kimebebwa juu ya mto wa mkasi, kisha Waziri, kisha meza kuu yote kwa kufuata vyeo, kisha kila mtu mwenye miguu. Walipofika machinjio mbwa waliwapisha kwa adabu. Mvua ya kwanza ya masika ikaanguka hapohapo, nzito, bila manyunyu ya kutangulia. Waziri akabonyeza akiwa ameloa mpaka kwenye soksi, na mara simu za wauzaji wote zikalia kwa pamoja.

Chambuso alitazama hotuba mpya akiwa chini ya mvua, hakupepesa, hakumeza mate. Mbwa walisimama wakajinyoosha. Kapu likafunguka. Alikuwepo Tausi, wa samawati, ametandaza mkia. "Lipo kwa wingi." Akaagiza kwa jina la Bi Mwantumu, akabonyeza, akakimbia.

Kalolo alikuwa ameketi sakafuni, katikati ya ghala, kwa sababu hapakuwa na pa kukalia pengine. Mvua ilipiga paa juu yao, na ghala lilivuma kama ngoma.

"Chambuso," alisema, "sasa yapo. Ila hayapo."

"Nipe hata matano."

"Ndugu yangu, tazama."

Chambuso alitazama. Kulikuwa na gunia la misumari, lundo la maganda ya mahindi, na alama kwenye vumbi mahali mabati yalipokuwa. Alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka yaliwahusu Waziri, Dokta, Kapu, aliyelibuni na mama waliowazaa wote hao. Hayaandikiki hapa. Kalolo alipokea kila moja kwa kuitikia kichwa, kama anahakiki mzigo. Maneno yalipokwisha Chambuso aliketi naye sakafuni, akaufunika uso, akamfikiria yule mama amekaa ndani ya kuta nne akitazamana na mvua.

*

Lakini Bi Mwantumu hakuwa ndani ya kuta nne. Mvua ilimkuta katikati ya uwanja, na mkeka kichwani na kuku kwapani, akielekea kwake. Akatazama huku, hakuna mtu. Akatazama kule, akaona paa refu la samawati na chini yake viti vya sofa, zulia jekundu, maua na chupa za maji, na hakuna hata nafsi moja iliyokuwa ikivitumia. Akapanda ngazi. Akatandika mkeka nyuma ya kiti cha mgeni rasmi, mahali pasipo na upepo. Kuku akachagua kiti chenyewe.

Msafara uliporudi ulimkuta ameshawasha jiko.

Polisi waliombwa wamwondoe. Mkuu wao akauliza amwandikie kosa gani. Kuvamia jukwaa? Akafungua Kapu, akatafuta, Kitopeni haikuwa na jukwaa. Kutumia mali ya shirika? Wakati jukwaa linaezekwa, yale mabati yalikuwa hayapo, na mabati yasiyokuwepo hayawezi kuwa yamefika pale. Dokta Lutengano mwenyewe ndiye aliyeifundisha hoja hiyo Kitopeni, na ilikuwa hoja nzuri, haina ufa. Waziri aliondoka na mafua.

Zikapita siku, na malalamiko yakaanza kumiminika. Watu wa nchi nzima walikuwa wakimwagiza Tausi, ambaye sasa yuko kwenye Kapu na hayuko ghalani, na wakipokea hongera. Kurugenzi ikakaa, ikakubaliana kwamba Tausi atolewe. Kutoa nako ni kusasisha, kusasisha hakukosi mgeni rasmi, mgeni rasmi hakosi jukwaa, na hazina ilikuwa na jukwaa moja tu lililokamilika. Kwa hiyo asubuhi moja gari la Dokta Lutengano lilisimama mbele ya nyumba ya Chambuso.

Chambuso alimpokea kwa mlango wa mbele. Alikuwa na fulana, miguu ameinyoosha sebuleni kwake, redio inasema.

Dokta alizungumza kwa muda mrefu. Alitaja maslahi mapana ya taifa. Alitaja cheo kilicho wazi kwenye kitengo cha saruji. Mwisho akafika penyewe: Chambuso aende akamweleze yule mama ashuke, kwa siku moja tu.

"Mimi?" aliuliza Chambuso.

"Wewe. Atakusikiliza."

"Mheshimiwa," alisema Chambuso, akapunguza redio kwa heshima, "yule ni mama mkwe wangu."

Dokta Lutengano aliacha kubembeleza. Naye alikuwa na mkwe. Dereva wake, aliyekuwa mlangoni, alitazama chini. Katika nchi ile kila kitu kilisubiri kusasishwa, ila jambo hilo moja lilikuwa limekamilika tangu zamani, na hapakuwa na kitufe chake. Dokta alikunywa maji, akashukuru, akaondoka.

Jioni Zamda alirudi kutoka jukwaani na bakuli tupu. Mama hajambo, alisema, kifua kimetulia, kuku ametaga juu ya kiti. Ila kuna ujumbe.

"Anasema nikuambie, pale alipokaa Waziri panavuja kidogo. Wale vijana hawakupigilia vizuri."

Chambuso alifungua Kapu kwa mazoea, akatafuta misumari ya mabati. Haikuwemo. Akalitazama lile pengo kwenye kioo kwa muda, na taratibu uso wake, uliokunjamana tangu siku ya upepo, ukaanza kukunjuka. Akazima simu, akavaa shati, akaenda ghalani.

Kalolo alimwona akiingia. Alimwona akipita moja kwa moja mpaka kwenye gunia na kuchota misumari kwa viganja, mifuko ikajaa. Kisha akageukia ukuta, akaendelea na hindi lake, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuona.